Babu mfua chuma: tulivyomtafuta bila karatasi

Kalehe, Kivu Kusini. – Babu wa baba yangu alikuwa mfua chuma. Kwa miaka mingi hilo ndilo jambo pekee ambalo familia yetu ilijua kwa hakika juu yake. Jina lake tulikuwa nalo, lakini kila mzee alilitamka kwa namna yake. Alizaliwa wapi? Alifika lini? Nani alimpa mahali pa kujenga? Hapo kila mmoja alikuwa na hadithi yake.

Ndugu wasikilizaji, mimi ni mwandishi wa redio ya hapa kwetu kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Naandika habari hii kwa sababu wengi wenu, hasa ndugu waliohama kwa ajili ya vita na wale waliohamishwa na maji, mmekuwa mkituma ujumbe mkiuliza: mtu anaweza namna gani kutafuta ukoo wake wakati nyumba imeungua, wazee wamefia njiani na karatasi hakuna? Nitawajibu kwa kueleza tulivyofanya sisi. Jina la babu nimeliacha nje, na jina la kijiji pia, kwa ombi la familia. Sababu yake mtaiona mbele.

Maji yalipofuta mpaka

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika wilaya yetu ya Kalehe. Ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi. Mito ilishuka kutoka milimani na mawe na matope, ikabeba nyumba, watu na mali zao. Nyamukubi na Bushushu walikufa watu zaidi ya 400, na wengine wengi hawakupatikana. Wengi mnaosoma hapa mlizika ndugu siku zile, au hamkupata hata mwili wa kuzika.

Kijiji chetu kiko juu zaidi. Sisi hatukupoteza mtu, tulipoteza mpaka. Kipande cha mlima kiliteleza na mti wa mpaka, kijito kikahama njia yake, na sisi pamoja na jirani zetu tukabaki tunatazama udongo mwekundu usio na alama. Baada ya miezi michache maneno yakaanza: shamba la chini ni la nani?

Chifu wa kijiji aliwaita wazee wakae pamoja. Kila familia iliombwa iseme shamba lake linaanzia wapi, na lilipatikana namna gani. Shangazi yangu, mama wa zaidi ya miaka 70, alisimama akasema: "Letu linaanzia pale penye mavi ya chuma."

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Mavi ya chuma ni yale mabonge meusi, mazito, yenye vitundu vitundu, yanayobaki chuma kikisha kuyeyushwa kutoka kwenye mawe. Mtoto yeyote wa kwetu ameyaokota akilima. Sisi tulikuwa tunayatumia kufukuza ndege kwenye mtama.

Swali la pili ndilo lililotuletea shida. Shamba lilipatikana namna gani? Baba mdogo alijibu haraka: "Sisi tuko hapa tangu mwanzo. Babu alizaliwa hapa hapa." Shangazi alimtazama, akafunga mdomo. Mwandishi wa habari akiona mtu anafunga mdomo namna hiyo, anajua kwamba kuna kazi.

Kwa wale ambao hawakukulia Bushi wala Buhavu, nieleze kidogo kwa nini swali lile ni zito. Kwa desturi, ardhi ya huku ilikuwa chini ya Mwami, na machifu wadogo waliigawa kwa jina lake. Mtu aliyetaka shamba la kudumu alitoa kalinzi: ng'ombe, au mbuzi, au kitu kingine walichokubaliana, mbele ya mashahidi. Akishatoa, shamba lilikuwa lake na la watoto wake, mradi aendelee kumheshimu yule aliyempa. Asiyetoa kalinzi aliweza kupewa bwasa, yaani shamba la muda. Huyo alilima maharagwe na viazi, alilipa kwa mazao au kwa kazi, lakini hakuruhusiwa kupanda migomba wala kahawa. Siku mwenyewe akilitaka, anaondoka.

Baadaye ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyosema kwamba ardhi yote ni ya serikali. Kuhusu ardhi ya desturi, sheria hiyo iliahidi kwamba Rais ataipangia utaratibu wake kwa amri ya pekee. Miaka ikapita, amri ile haikutoka. Ndiyo maana mkulima asiye na hati ya serikali anabaki na maneno ya wazee tu: nani alitoa nini, kwa nani, nani aliona. Wazee wakifa kabla hawajasema, hati yako imezikwa pamoja nao.

Kitabu cha parokia

Nilianzia kwenye karatasi, kama tulivyofundishwa katika masomo ya uandishi wa habari. Nyumbani hazikuwepo. Buku la babu yangu la wakati wa Mbelgiji, lile ambalo mwanaume alitembea nalo ili aonyeshe kwamba amelipa kodi, liliungua pamoja na nyumba mwaka 1996, vita vya AFDL vilipopita kwetu. Kadi ya uchaguzi ya baba inaonyesha mahali alipozaliwa yeye, hairudi nyuma zaidi ya hapo.

Zilibaki karatasi za kanisa. Mapadri Weupe walifika Bushi mwaka 1906, na kila walipofungua parokia waliandika vitabu vya ubatizo kwa Kilatini: jina la anayebatizwa, la baba, la mama, la msimamizi, tarehe na mahali. Parokia kadhaa bado zinavyo vitabu hivyo, ingawa vita vimepita juu yake. Katibu wa parokia moja alinipokea vizuri. Alinawa mikono, akafuta meza, akafungua kitabu mwenyewe, akaniambia nisome bila kukigusa.

Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili tulianza kutafuta kwa sikio badala ya macho. Mapadri waliandika majina walivyoyasikia, kila mmoja na masikio ya kwao. Penye L utakuta R, penye B utakuta W, na jina refu utalikuta limekatwa mkia. Tulisoma kila jina kwa sauti, kama watoto wa shule ya msingi, mpaka katibu akasimamisha kidole.

Alikuwa babu yangu, amebatizwa mwaka 1938 akiwa kijana mdogo. Jina la baba yake lilikuwepo, na pembeni yake neno la kuonyesha kwamba yeye mwenyewe hakubatizwa. Mahali pa asili hapakuwa kijiji chetu. Hapakuwa hata Buhavu. Kiliandikwa kilima kimoja cha upande wa Ngweshe, katika wilaya ya Walungu ya leo.

Nilipomwonyesha baba mdogo maneno yale, niliyokuwa nimeyanakili, hakufurahi hata kidogo. Aliniambia: "Mwanangu, siku utasoma hayo kwenye redio, siku hiyo umetutoa shambani."

Sikumlaumu. Katika nchi yetu neno "mtu wa kuja" limeua watu. Tangu vita vya Masisi mwaka 1993, na vyote vilivyofuata, mtu aliyekutwa njiani aliulizwa kwanza: wewe ni wa wapi? Kujibu vibaya kulitosha. Familia nyingi zimejifunza kusema kwamba hazikutoka popote. Wazee waliosema hivyo walikuwa wanalinda watoto wao, na watoto tukakua tukiamini. Baba mdogo ni mmoja wa hao watoto.

Uliza kazi, usiulize jina

Njia nyingine alinipa shangazi. Jioni moja tukiwa tunachambua maharagwe aliniambia: "Wewe unazunguka ukiuliza watu jina. Majina yanakufa. Uliza kazi yake. Nani alikuwa na jembe lake?"

Nikabadilisha swali. Nilienda kwa wazee wa kijiji na wa vijiji vya jirani, wanawake hasa, kwa sababu jembe ni la mwanamke huku kwetu. Sikuuliza tena "unamjua fulani?" Niliuliza: "Koko, mlilima na jembe gani kabla ya majembe ya duka?"

Hapo midomo ilifunguka. Nilisikia mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kuniambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Koko mmoja wa zaidi ya miaka 80, anayekaa kwa mjukuu wake karibu na barabara, alinichorea jembe lile chini kwa kijiti. Lilikuwa kama jani pana, na nyuma lilikuwa na mkia wenye ncha. Mkia ule uliingizwa kwenye mpini uliotobolewa. Lilipolika na udongo mpaka likawa dogo, halikutupwa. Lilirudi kwa fundi, likawa kisu cha kumenyea ndizi.

"Katika mahari ya mama yangu kulikuwa majembe," koko alisema. "Mbuzi walikufa. Majembe, nimelima nayo hata mimi."

Nilipomsikia ndipo nilielewa kwa nini desturi mpaka leo inataja majembe katika mahari, hata kama kijana ananunua ya duka au anatoa franka mahali pake. Kabla ya franka, jembe lilikuwa mali. Lilizunguka ziwa Kivu kwa mikono ya wachuuzi, pamoja na mbuzi na butega, zile bangili za nyuzi walizosuka Watembo na ambazo watu walizipokea kama pesa. Mtu aliyejua kufua jembe alikuwa anatengeneza mali, chakula na ndoa kwa nyundo moja.

Koko aliendelea. Aliyetaka jembe alileta makala yake, alileta chuma kikuukuu, na alileta mikono yake ya kuvukuta. Mivukuto ilikuwa ya mti uliochongwa kama mabakuli mawili, juu imefunikwa ngozi, na kila ngozi ina fimbo ya kupandisha na kushusha. Fundi hakuvukuta mwenyewe. Wateja walifanya kwa zamu, asubuhi nzima, na wakati huo walipashana habari: nani amezaa, nani amekamatwa kwa kodi, wapi kuna ndoa, wapi mvua imekataa.

"Pale ndipo ilikuwa redio yenu," akaniambia, akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo nikamuuliza fundi yule alitoka wapi. Alinijibu bila kusita, kama mtu anayesema kwamba jana mvua ilinyesha. "Alitoka Bushi. Alifika na mke, na mtoto mmoja wa kiume mgongoni. Mke alibeba nyundo ndani ya kikapu, mume mivukuto kichwani. Baba yangu alikuwa kijana, alimwona anashuka."

Koko mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa. Alisimulia alivyosikia kwa baba yake. Watu walimtaka mgeni yule abaki, kwa sababu fundi wa karibu alikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku nzima. Familia moja ilimlaza na kumlisha msimu mzima. Baadaye chifu wa wakati ule akamwonyesha mahali, chini karibu na maji. Akatoa mbuzi jike mmoja na majembe 6. Pombe ya ndizi ikanywewa, na watu 3 wakasimama kama mashahidi. Koko alitaja majina yao mbele ya wajukuu zake. Wa kwanza alikuwa baba yake mwenyewe. Wa tatu alikuwa babu wa jirani yetu, huyo huyo tuliyekuwa tunavutana naye juu ya mpaka.

Nilimwomba arudie ili niandike. Alirudia sawasawa, majina yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Bonge la chuma kwenye mkono wa fundi

Kwenye redio tumefundishwa kwamba habari ya mdomo mmoja bado si habari. Nilichukua mabonge mawili ya mavi ya chuma kutoka shambani, nikaenda nayo sokoni kwa fundi anayetengeneza visu, panga na majembe. Yeye anafua vyuma vya resori za magari makubwa, zile zilizovunjika kwenye barabara zetu mbaya. Anasema chuma cha resori ni kigumu na hakikosekani, "mradi barabara inabaki hivi."

Alilipima bonge mkononi, akaligonga, akalitazama mahali lilipovunjika. Kisha akasema: "Haya si ya kufua. Kufua kunaacha magamba membamba, kama ya samaki. Haya ni ya kuyeyusha."

Tofauti yake ni hii. Zamani, kabla chuma cha nje hakijajaa, mafundi walitafuta mawe na udongo wenye chuma. Walijenga tanuru ya udongo, wakapanga ndani makala na mawe yale, wakavukuta saa nyingi bila kuacha. Chuma kilikusanyika kama sifongo nzito, na uchafu wa mawe ukayeyuka, ukatiririka, ukaganda. Uchafu huo ndio mavi ya chuma. Kazi hiyo ilikula misitu mizima ya makala. Majembe ya viwandani na vyuma vikuukuu vilipofika na wakoloni, hapakuwa tena na sababu ya kujichosha namna hiyo. Mafundi wakaacha kuyeyusha, wakabaki kufua.

Lakini koko alisema wateja walimletea babu chuma kikuukuu. Basi nani aliyeyusha pale shambani?

Nilirudi kwa shangazi na swali hilo. Alinitazama kama mtoto aliyechelewa kuelewa. "Aliyakuta," akasema. "Baba yangu alituambia. Mzee alipoonyeshwa mahali pale aliona mavi ya chuma chini, akajua kwamba fundi mwingine aliwahi kukaa hapo. Alisema: mahali penye moto wa zamani, moto mpya unawaka."

Ndugu wasikilizaji, nilikaa na jibu hilo siku kadhaa. Tulikuwa tunavutana na jirani nani ni wa kwanza, na chini ya miguu yetu kulikuwa na kazi ya mtu aliyetutangulia sote. Hana jina. Hana mjukuu wa kusimama mbele ya wazee. Hatujui alikwenda wapi, wala kwa nini.

Walungu

Nilipata safari ya kazi kwenda Bukavu, nikaongeza siku mbili nifike Walungu. Kilima kilichoandikwa parokiani kipo. Nilifuata ushauri wa shangazi: sikuuliza jina, niliuliza familia ya wafua chuma. Watoto walinionyesha.

Mzee aliyenipokea alikuwa mkulima. Ufundi uliishia kwa baba yake. Nilimweleza taratibu, bila kusema kwanza jina lolote, nisije nikamwekea maneno mdomoni. Alisikiliza, kisha akauliza: "Huyo ni yule aliyeondoka na mivukuto?" Kwao ilisimuliwa kwamba ndugu mmoja wa baba wa babu yake aliondoka na mke na mtoto, akaelekea upande wa Buhavu, hakurudi. Wengine walisema alikimbia kodi, kwa maana tangu mwaka 1910 serikali ya Wabelgiji ilianza kudai kodi ya pesa, na fundi aliyelipwa kwa maharagwe na kuku hakuwa na pesa za kutoa. Wengine walisema ni ugomvi wa ndugu juu ya mahali pa tanuru. Mzee alisema labda yote mawili.

Aliniuliza kama tumetunza nyundo. Nilimwambia kwamba ilipotea mwaka 1996. Alinyamaza kidogo, akasema: "Sisi tulitunza jina lake. Ninyi mlitunza watoto. Inatosha." Kisha akamwita mke wake alete chakula, akaniita mjukuu.

Mbele ya wazee

Nilirudi na mambo matatu: maandishi ya parokia, ushuhuda wa koko na maneno ya mzee wa Walungu. Niliyaweka mbele ya familia, siyo mbele ya kipaza sauti. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Wengine walibishana mpaka usiku. Kaka mmoja alisema tuache tu, tushikilie kwamba tuko hapa tangu mwanzo, maana mwenye kusema "tulikuja" anajifungulia mlango wa kutoka.

Shangazi ndiye aliyewajibu. Alisema: "Mtu ambaye hakuja, nani alimpokea? Na kama hakupokelewa, kalinzi yake iko wapi?"

Hapo ndipo kila mmoja aliona. Hadithi ya "tangu mwanzo" ilikuwa inatunyima ushahidi wetu wenyewe. Kama babu alizaliwa pale, hakuna mbuzi, hakuna majembe 6, hakuna pombe, hakuna mashahidi watatu. Kuna neno letu tu dhidi ya neno la jirani. Lakini kama alikuja, basi alipokelewa, alitoa, na watu waliona. Tena mmoja wa walioona alikuwa wa familia ya jirani mwenyewe.

Wazee walipokaa tena, baba mdogo aliomba kusema yeye mwenyewe. Alieleza kwamba babu alitoka Ngweshe, akataja kalinzi, akataja mashahidi. Koko aliletwa kwa pikipiki, akasema yake, kwa mpangilio ule ule. Mkubwa wa familia ya jirani alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba na yeye, akiwa mtoto, alisikia kwa babu yake habari za pombe ya mfua chuma. Hakuwa amejua kwamba ilikuwa pombe ya shamba hili.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kiliisha siku hiyo. Mpaka wa juu, penye mavi ya chuma, ulikubaliwa, na familia zote mbili zilipanda miti pamoja. Chifu aliandika hati ya mapatano, wazee wakatia dole gumba. Kipande cha chini, pale kijito kilipohama njia, bado kinajadiliwa. Ndiyo sababu majina hayamo humu. Lakini tunajadiliana kama watu ambao babu zao walikunywa pamoja, na hilo limepunguza sauti.

Kwa ninyi mlio mbali na kwenu

Najua wengi wenu hamna shamba la kurudia leo, wala njia ya kufika parokiani. Kambi zilizokuwa pembeni ya Goma zilivunjwa mwezi wa pili 2025, na watu wakatawanyika tena, wengine kwa mara ya tatu au ya nne. Kila mara watu wanapotawanyika, mzee mmoja anabaki peke yake mahali ambapo hakuna anayemuuliza kitu. Kwa hiyo nawaambia machache tuliyojifunza.

Anzeni na kazi ya mzee wenu. Fundi chuma, fundi mbao, mchonga mitumbwi, mfinyanzi, mganga wa mifupa, mfuga nyuki: kila mmoja aliacha kitu mikononi mwa watu wengine. Wateja wake wanaweza kumkumbuka vizuri kuliko wajukuu zake.

Waulizeni wanawake. Wao waliolewa kwa majembe, walibeba vyungu, walijua nani alitoa nini siku ya ndoa. Mara nyingi kwenye mikutano ya ardhi hawapewi neno. Kwetu, bila wanawake wawili tusingekuwa na kitu cha kusema.

Andikeni majina ya mashahidi, siyo ya mababu tu. Shahidi ana wajukuu, na wajukuu hao wanaweza kuwa hai, hata kama wako kambi nyingine au ng'ambo ya mpaka.

Mkipata kitabu cha ubatizo, someni kwa sauti. Msikubali haraka kwamba jina halimo.

Andikeni kwenye daftari, kwa kalamu, na mlifunge ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi za uchaguzi. Simu inaibiwa, inazimika, inaanguka majini. Daftari moja libaki kwa ndugu mwingine, mahali pengine.

Na msitangaze hadharani habari ya ardhi kabla familia zote zinazohusika hazijakaa. Mkituandikia redioni, tuambieni kazi ya mzee, vitu alivyotengeneza, na miaka mnayodhani aliishi. Jina la kilima na mipaka yake bakini nayo kwanza. Kama kuna msikilizaji mwenye jembe, kisu au shoka la fundi huyo, tutawaunganisha pembeni, bila kipaza sauti.

Kuhusu yule fundi wa kwanza, aliyeyeyusha chuma pale kabla ya babu yetu, bado tunauliza. Kama kuna familia yenu inayosimulia juu ya mzee aliyeacha tanuru yake chini ya mlima, karibu na maji, huku upande wa Kalehe, njooni mtuambie. Shangazi amesema mtapokelewa.